Vikombe Ishirini na Homa ya Vernaz

Lyon, 28 Mei 1974

Bibi yangu,

Shikamoo wewe, na mume wetu Anselme mpe ya kwake kabla hajasinzia na kofia kichwani. Mimi mzima. Mama naye mzima, ila ameamua kupunguza unene na sasa hasemi na mtu. Bado sijaolewa, hilo nalitaja mapema usije ukapoteza wino kuniuliza.

Kazini tumeletewa kitu kipya. Ni kipande cha plastiki, urefu wa kiganja, kina vikombe ishirini vidogo, kila kimoja punje ya dengu ingekijaza. Unavichukua vijidudu vya mgonjwa, unavikoroga kwenye maji, unadondoshea kila kikombe. Ndani ya kila kikombe kuna chakula tofauti kilichokaushwa. Kesho yake unatazama rangi: kipi kimekuwa chekundu, kipi kimebaki njano, kipi kimetoka cheusi. Rangi zinakupa namba, unafungua kitabu, kitabu kinakwambia jina la mdudu. Zamani kazi hiyo tuliifanya kwa mirija ya kioo, siku nne au tano, na mara nyingine jibu lilifika mgonjwa ameshazikwa. Mkuu wetu, Daktari Mazuyer, anatembea na kile kipande kama mzee aliyepata mtoto wa kiume.

Mama anasema ulipika sherehe ya komunyo ya binti wa meya. Ilikwendaje?

Mke mwenzio,
Ghislaine

*

Vernaz, 5 Juni 1974

Mke mwenzangu,

Marahaba. Huku mbuzi wamezaa, nyanya bado, na mume wetu mzima kama kawaida yake. Hajaugua tangu azaliwe, na kila siku ananikumbusha. Imeanza kunichosha.

Barua yako nimewasomea watu pale dukani. Nimewaambia, mjukuu wangu amesoma miaka yote ile ili awalishe vijidudu kwa vikombe vya kuchezea watoto, kisha awatajie namba kama bahati nasibu. Meya alicheka mpaka akashika mlango asianguke.

Sherehe ilifana. Watu sabini na wawili. Kuku wa krimu, viazi vya tanuri, na mwisho mabakuli yangu ya maziwa ya mayai yenye povu jeupe juu. Nilikuwa nimeyaandaa tangu jana yake, nikayaweka stoo. Waliramba vijiko, waliramba na bakuli.

Sasa habari mbaya. Tuna wagonjwa tisa, wote walikuwa sherehe ile. Mwalimu wa shule yumo, na Bérengère mwenyewe, mtoto wa komunyo. Homa haishuki, kichwa kinauma, hawali. Daktari wetu anasema mafua. Watu hawasemi mafua. Wanamsema Zohra, mke wa Belkacem, yule fundi mwashi wa Algeria aliyepanga nyumba ya kijiji. Siku ile alikuja kusaidia kuosha vyombo. Mimi kwa watu simsemi vibaya. Nilichosema ni kimoja tu: sahani alizoosha yeye, sikuziosha mimi.

Philomène, bibi yako

*

Lyon, 12 Juni 1974

Bibi,

Shikamoo. Leo utani nauweka kando kidogo.

Ijumaa walimleta Bérengère hospitali yetu. Daktari wa zamu alitaka kumpasua tumbo, akidhani ni kidole tumbo. Damu yake ikaletwa kwangu. Vijidudu vilipoota nikavitia kwenye vile vikombe vya kuchezea watoto, na kesho yake asubuhi nilikuwa na namba. Niliisoma mara tatu. Tukahakikisha kwa tone la seramu, ile inayomshika mdudu huyo peke yake, juu ya kioo. Vilishikana papo hapo kama maziwa yaliyoganda. Ni homa ya matumbo, ile yenyewe. Siku hiyo hiyo wakambadilishia dawa na visu vikarudi kabatini. Leo ameomba mkate. Daktari wenu ameshapigiwa simu, na wagonjwa wengine wamepewa dawa hiyo.

Sasa nisikilize. Mdudu huyu haishi kwa mbuzi wala kwa kuku. Nyumba yake ni binadamu. Kuna mtu aliyeugua zamani akapona, lakini mdudu akabaki kwenye kifuko cha nyongo miaka thelathini. Mtu mwenyewe ana nguvu, anacheka, anacheza dansi. Lakini akienda chooni anamtoa, na mikono yake ikigusa chakula kisichochemka tena, kama maziwa ya mayai yaliyolala stoo, basi.

Mama ameniambia uliugua homa ya matumbo mwaka 1944.

Nakutumia kisanduku. Ndani kuna chupa yenye kijiko kwenye kifuniko. Naona aibu kuandika ninachokuomba. Umeshanielewa.

Ghislaine

*

Vernaz, 21 Juni 1974

Wewe mtoto,

Kisanduku kimefika. Mtu wa posta alikitikisa akaniuliza kama ni manukato.

Nimezaa watoto watano. Nimezika wawili. Wajerumani walilala kwenye zizi langu majira mazima ya baridi. Katika yote hayo hakuna aliyewahi kuniandikia barua kuniomba mavi. Ilibidi nisubiri mjukuu wangu mwenyewe, tena niliyemfuta yake kwa mikono hii.

Jibu ni hapana. Nimewapikia watu wa Vernaz harusi, matanga na komunyo miaka thelathini na hawajanifia. Kampime Zohra kwanza.

Nyanya zimeanza kuiva. Bibi yako.

*

Lyon, 28 Juni 1974

Bibi yangu mkali,

Shikamoo na unisamehe. Mama anakusalimu, ameanza kula tena, na nyumba imetulia.

Zohra ameshapimwa. Daktari wa wilaya alimwomba, akatoa mara tatu, siku tatu tofauti, bila neno. Nimepima mimi mwenyewe. Mara zote tatu ni safi. Mumewe safi, watoto wao safi. Daktari akapeleka majibu kwa meya, na unajua meya alimjibu nini? Kwamba yeye haendeshi kijiji kwa vikombe vya kuchezea watoto. Bibi, maneno hayo mimi nayajua yalikotoka.

Daktari Mazuyer ameniuliza sherehe ile alipika nani. Nimemjibu nitauliza.

Tafadhali.

Ghislaine

*

Vernaz, 9 Julai 1974

Haya. Kimo ndani. Usikifungue karibu na chakula.

P.

*

Lyon, 13 Julai 1974

Bibi mpenzi,

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanza na shikamoo.

Yupo. Nilitia vikombe juzi, jana asubuhi nikatazama, na rangi zilikuwa zile zile za Bérengère, kikombe kwa kikombe. Nikarudia kwa kipande kingine. Nikatia seramu. Vikashikana.

Huna kosa, nisikie vizuri. Hukumwalika mdudu huyu wala hukumjua. Kuna dawa, na dawa ikishindwa kuna upasuaji wa kutoa kifuko cha nyongo, mtu anaishi bila hicho mpaka achoke mwenyewe. Lakini usipike tena, hata supu. Na umwambie meya, maana kuna mwanamke anayebeba mzigo ambao si wake.

Kwenye chupa nimeandika "Bi. P." tu, na kwenye daftari hivyo hivyo. Nakupa wiki mbili uzungumze mwenyewe. Baada ya hapo itanibidi niandike jina kamili.

Nakupenda, na choo chako.

Ghislaine

*

Vernaz, 4 Agosti 1974

Mjukuu wangu,

Marahaba. Nyanya zimekuwa nyingi hata mbuzi wamezikinai. Mvua hakuna. Paka wa mwalimu amerudi, na mwalimu mwenyewe ameshaanza kutembea kwa fimbo.

Mume wetu kaninunia. Nimemkataza kuingia jikoni na sikumwambia sababu, kwa hiyo anakaa uani akiongea na kuku kunihusu.

Mimi sipiki. Watu nimewaambia mgongo unauma.

Baraza la kijiji limewapa akina Belkacem barua: waihame nyumba mwisho wa mwezi. Juzi mtu aliwamwagia chokaa mlangoni, kama inavyofanywa penye mzoga. Zohra aliifagia. Nilikuwa napita na ndoo yangu. Hakuniangalia, na mimi sikusimama.

Barua yako ya Julai niliipata. Usiniulize zaidi.

Bibi yako

*

Lyon, 9 Agosti 1974

Bibi,

Shikamoo ipo, lakini leo inatoka kwa shida.

Wiki mbili zilipita, na jina lako sijaliandika. Daktari Mazuyer ameniuliza mara mbili Bi. P. ni nani. Mara ya kwanza nilijifanya nina kikohozi. Mara ya pili nilisema namba ya mgonjwa imepotea. Bibi, mimi! Mimi ninayewagombeza wanafunzi wa mafunzo wakiandika tarehe vibaya! Nimepata jibu kwa siku moja, nikalikalia mwezi mzima. Ningeendelea na mirija ya kioo tu, ingekuwa afadhali kwa Zohra.

Wewe unanyamaza kwa aibu yako na mimi nanyamaza kwa ajili yako, na kati yetu kuna watu wanafungasha vyombo.

Jumatatu tarehe 19 naandika jina kamili. Nikikosana nawe maisha yote, nitakuwa nimekosana nawe.

Ghislaine

*

Vernaz, 16 Agosti 1974

Mke mwenzangu,

Usiandike jina langu. Keti kwanza. Kama umeshika chupa ya mtu, iweke chini.

Kile choo hakikuwa changu.

Niliogopa. Nilijua kabisa kwamba nimeugua mwaka 44, na ulipoeleza habari ya mdudu wa kwenye nyongo nikajiambia, Philomène, ni wewe, umewalisha watu ugonjwa kwa kijiko. Nikatafuta choo cha mtu safi. Na katika Vernaz yote ni nani aliye safi kumzidi Anselme, ambaye hajaugua tangu azaliwe? Namna nilivyokipata sitaiandika. Ujue tu kwamba nilijificha nyuma ya mlango wa choo cha uani nikiwa na umri wa miaka sitini na tisa, na kwamba mtu wa posta alinisalimu.

Kisha ikaja barua yako. "Yupo." Niliisoma nimesimama, nikakaa kwenye ndoo, na ndoo ilikuwa na maji. Kwa hiyo ni yeye. Yeye anayepita jikoni kila sherehe kuchovya kidole kwenye maziwa ya mayai na kusema, "Sukari bado kidogo." Miaka thelathini, Ghislaine! Kidole kile kile!

Nilikuwa tayari kumwachia Zohra mzigo ili niokoke mimi. Mwezi huu nimemwachia ili aokoke Anselme. Sijui ipi mbaya zaidi. Barua yako ya tarehe tisa imenikuta nikiendelea kuzipima.

Jana, asubuhi ya sikukuu ya Bikira Maria, nilimkuta akinyoa ndevu. Nikamwambia, "Anselme, una homa ya matumbo."

"Mimi? Sijaugua tangu nizaliwe."

"Ndiyo ubaya wenyewe. Imejificha. Ghislaine amekipima choo chako."

Akashusha wembe. "Choo changu amekipata wapi?"

"Nilimtumia kwa posta."

Alinitazama kwenye kioo, povu nusu ya uso. "Nina miaka sabini na moja," akasema, "sijawahi kufika Lyon. Choo changu kimenitangulia!"

Nikacheka, Mungu anisamehe, nikacheka huku nalia. Yeye hakucheka. Akakaa kitandani, akaniuliza kama mdudu huyo angeweza kumwingia mtu mwaka 44. Nikamwambia angeweza. Ndipo akanieleza. Nilipokuwa hoi, na kasisi ameshanipaka mafuta ya mwisho, yeye naye alishikwa na homa na tumbo. Siku nane. Alikuwa anakamua mbuzi, anatapika nyuma ya zizi, anajifuta, anarudi kunilisha uji. Hakumwambia mtu. "Wangeniondoa pale," akasema, "na wewe ungekufa peke yako."

Kumbe miaka yote hii ya "sijaugua tangu nizaliwe" alikuwa anafunika siku hizo nane.

Tukaenda misa. Ilipokwisha, watu wamejaa uwanjani na meya katikati yao na tai yake mpya, nikamwita kwa sauti.

"Bwana Pernoux! Ile barua ya kuwahamisha akina Belkacem, ichane."

"Bi Philomène, leo ni sikukuu."

"Ndiyo, na watu wapo wote. Homa ilitoka jikoni kwangu. Zohra aliosha vyombo, vikatakata. Uchafu ulikuwa kwetu."

Akatabasamu vile anavyomtabasamia mzee. "Nani kasema? Vile vikombe vya kuchezea watoto?"

"Vikombe vile ndivyo vilivyomzuia daktari kumpasua mwanao tumbo," nikamwambia. "Na ule utani ni wangu. Nilikuazima, sasa naurudisha nyumbani."

Mume wetu akavua kofia, akasema mbele ya watu wote, "Choo ni changu. Na kidole ni hiki hapa." Akakiinua. Watu wakarudi nyuma hatua mbili.

Mke wa meya ndiye aliyejibu; alimshika mkono akamwambia, "Ichane, Pernoux." Barua ilichanwa jioni.

Nikaenda kwa Zohra. Nilidhani nitasema, atalia, nitalia, tutakumbatiana. Alifungua mlango robo.

"Nimesema mbele ya watu wote," nikamwambia. "Uwanjani."

"Nimesikia," akasema. "Na mimi uliponisema, ulinisema uwanjani?"

"Hapana."

"Ulinisema wapi?"

"Dukani. Majikoni kwa watu. Nilisema sahani ulizoosha wewe, sikuziosha mimi."

"Basi nenda huko huko." Akafunga mlango. Hakuubamiza. Afadhali angeubamiza.

Ndani ya kisanduku hiki kuna choo changu, cha kweli mara hii. Anselme alisimama mlangoni kuwa shahidi, na amefurahi kupita kiasi.

Bibi yako, mwenye haya

*

Lyon, 24 Agosti 1974

Bibi, mwizi wa vyoo,

Shikamoo!

Wewe ni safi. Vikombe vyote ishirini vinasema hivyo. Nataka unitumie vingine viwili ili niwe na hakika, maana mdudu huyu ana siku zake za kujificha. Najua sasa unajua njia ya posta.

Daftari nimelirekebisha. Nimemweleza Daktari Mazuyer kila kitu: Bi. P., kikohozi changu, kila kitu. Nilitegemea kufukuzwa. Amenipa onyo la maandishi, na ameniondoa kwenye meza ya vikombe mpaka Januari. Sasa naosha vioo. Ni haki yangu. Kisha, akiwa anatoka, akaniuliza, "Hivi kweli alijificha nyuma ya mlango?" Nikamwambia kweli. Alikwenda akacheka kwenye korido, nikamsikia.

Umeona kasoro ya ile plastiki yetu? Inalijua jina la mdudu kwa siku moja tu. Jina la mwenye choo hailijui. Hilo lazima mtu aseme kweli.

Babu aje tarehe 16 Septemba. Dawa pekee haitatosha. Picha aliyopigwa wilayani inaonyesha ana mawe kwenye kifuko cha nyongo, na mdudu ameota humo. Watakitoa. Mwambie atalala kwangu, na kwamba mimi ndiye nitakayepika.

Na wewe, umeanza kwenda?

Ghislaine

*

Vernaz, 20 Oktoba 1974

Mke mwenzangu,

Marahaba, na asante kwa kunirudishia mume. Amerudi bila nyongo na bila adabu. Kijiji kizima kimeshaonyeshwa kovu, hata wasioomba. Majibu yake matatu uliyotuma, safi, safi, safi, ameyabandika juu ya meza, pale ilipokuwa picha ya harusi.

Uliniuliza kama nimeanza kwenda. Sikukujibu kwa sababu nilitaka nimalize kwanza.

Ukiiacha yetu, Vernaz ina nyumba arobaini na moja. Nilianza na duka. Nikaingia, nikasubiri wanawake wajae, nikasema: "Mwezi wa tano nilimsema Zohra Belkacem hapa. Nilisema uongo. Homa ilikuwa ya nyumbani kwangu." Muuza duka akaniambia, "Ah, Bi Philomène, yameshapita hayo." Nikamwambia hayajapita, kaa usikilize. Nyumba ya pili, ya tatu, ya kumi. Wengine walinipa kahawa, wengine walinipa pole, na pole ndiyo iliyoniuma. Bi Chatelard aliniambia yeye bado anaamini ni Zohra. Nilikaa jikoni kwake saa mbili mpaka akachoka kuamini. Kabla ya hospitali Anselme alinifuata kila nyumba, aliporudi akanifuata tena, anasimama nyuma yangu na kofia mkononi, na nikimaliza anasema, "Na mwenye choo nimekuja mwenyewe." Kwa meya tulikwenda nyumba ya arobaini. Alitufungulia yeye. Nilitoa maneno yangu. Bérengère alikuwa nyuma ya baba yake, amekonda, nywele zinaota upya. Akauliza, "Baba, na wewe utakwenda kwao lini?" Jumapili iliyopita nilimwona meya akigonga kwa Belkacem. Alikaa dakika tano. Alichosema sikijui na sijauliza.

Hawahami. Angalau mpaka shule ifungwe mwakani, anasema Belkacem, kisha wataona.

Jana nilikwenda kwa Zohra. Nyumba ya arobaini na moja. Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Alifungua mlango kabla sijagonga, mikono imejaa unga mpaka kwenye viwiko.

"Zimebaki ngapi?" akaniuliza.

"Hii tu."

Akaniachia njia, nikaingia. Nyuma yake sufuria inachemka, watoto wanagombania kiti, karoti zimejaa meza nzima na hakuna wa kuzimenya. Nikayasahau maneno yote. Nikaona kisu mezani, nikanyoosha mkono.

"Nawa kwanza," akasema.

Nikanawa. Akanishika viganja, akavigeuza huku na huku kwenye mwanga wa dirisha.

"Nawa tena."

Nikanawa tena.

Philomène